Nitriki oksidi, mishipa ya damu na nguvu za kiume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanaume huyauliza kwa sauti ya chini kwenye dirisha la duka la dawa, pamoja na mengine ambayo wake zao ndio huyauliza. Karibu yote yanarudi kwenye gesi moja na vimeng'enya vitatu vinavyoitengeneza. Msimamo wetu tuuseme mapema: mwanaume aliyevuka miaka 40 ambaye uume wake umeanza kusumbua ahesabu kwamba tatizo ni la mishipa ya damu mpaka vipimo vioneshe vingine. Aanze na mashine ya presha kabla ya kumfuata muuza unga wa nguvu za kiume.

Nitriki oksidi ni kitu gani?

Ni gesi. Molekuli yake ina atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, basi. Wengi huichanganya na nitrasi oksidi, gesi ya kutuliza maumivu inayotumiwa na madaktari wa meno. Ile ina atomu mbili za nitrojeni na kazi yake ni nyingine kabisa. Wapo pia wanaoijua kama sehemu ya moshi wa magari, na hawajakosea. Injini huitoa, na ikikutana na hewa hugeuka nitrojeni dioksidi, ile ya rangi ya kahawia inayowasha koo. Si ajabu kwamba wanasayansi walichelewa kuamini kuwa mwili wa binadamu unaitengeneza kwa makusudi.

Mwilini haidumu. Baada ya sekunde chache inakuwa imeshanaswa na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, au imeungana na kitu kingine. Ufupi huo wa maisha una faida: gesi hufanya kazi pale pale ilipotengenezwa, kisha inatoweka. Na kwa kuwa ni ndogo mno, hupenya utando wa seli bila kuhitaji kipokezi juu yake.

Hivyo vimeng'enya vitatu ni vipi?

Jina lao la ukoo ni NOS, kifupi cha Kiingereza cha kitengeneza nitriki oksidi. Cha kwanza, nNOS, hukaa kwenye neva. Cha pili, eNOS, hukaa kwenye endotheli, tabaka jembamba la seli linalofunika upande wa ndani wa kila mshipa wa damu. Cha tatu, iNOS, hutengenezwa hasa na seli za kinga zinapokutana na maambukizi.

Vyote hufanya tendo moja. Huchukua arginini, ambayo ni amino asidi tunayoipata kwenye vyakula vya protini, huitumia pamoja na oksijeni, hutoa nitriki oksidi na kubakiza sitrulini. Ili kazi iende sawa vinahitaji msaidizi mdogo aitwaye tetrahidrobiopterini, kwa kifupi BH4. Likumbuke jina hilo, maana matatizo mengi ya mishipa huanzia hapo.

Tofauti yao iko kwenye kiasi na muda. Viwili vya kwanza hutoa gesi kidogo kidogo na huamshwa na kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Cha tatu kikishatengenezwa hakisubiri kalsiamu. Hutoa gesi kwa wingi kwa saa nyingi mfululizo. Na eNOS ina njia ya ziada: damu inapopita kwa kasi na kuusugua ukuta wa mshipa, kimeng'enya hubandikwa fosfeti na kuendelea kufanya kazi hata kalsiamu ikishashuka.

Nani aligundua haya yote?

Hadithi hii inastahili nafasi yake. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipata hataza ya baruti ya dinamiti, ambayo kiini chake ni nitrogliserini. Miaka michache baadaye madaktari walianza kuona kwamba nitrogliserini ileile, kwa dozi ndogo, hutuliza maumivu ya kifua. Nobel mwenyewe alipozeeka na moyo kuanza kumsumbua, aliandikiwa dawa hiyo, na kwenye barua ya mwaka 1896, muda mfupi kabla ya kufa, aliushangaa mzaha huo wa majaliwa. Kwa nini inafanya kazi? Hakuna aliyejua kwa miaka themanini iliyofuata.

Mwaka 1977 Ferid Murad, Mmarekani, alionesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamii yake hutoa nitriki oksidi, na kwamba gesi hiyo hulegeza misuli ya mishipa. Upande mwingine, mjini Brooklyn, Robert Furchgott alikuwa akihangaika na vipande vya ateri kubwa ya sungura. Akiviwekea asetilikolini, kemikali inayotumiwa na neva, wakati mwingine vilikaza na wakati mwingine vililegea. Mwishowe iligundulika kwamba vile vinavyokaza vilikuwa vimesuguliwa wakati wa kuandaliwa, na endotheli yake ikatoka. Penye endotheli, mshipa unalegea, isipokuwepo, haulegei. Alichapisha jambo hilo mwaka 1980, akisema endotheli hutoa kitu fulani cha kulegeza. Mwaka 1987 timu ya Salvador Moncada nchini Uingereza, na ile ya Louis Ignarro nchini Marekani, zilithibitisha kwamba kitu hicho ni nitriki oksidi.

Nobel ya tiba ya mwaka 1998 walipewa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada, mzaliwa wa Honduras, aliachwa nje, na wapo wanasayansi ambao mpaka leo hawajaridhika. Sisi pia tunaona alionewa, ingawa kanuni ya Nobel hairuhusu zaidi ya watu watatu.

Sasa hii inahusianaje na uume kusimama?

Tuanze na jambo ambalo wengi hulishika kinyume. Uume ukiwa umelala, misuli laini iliyomo ndani yake imekaza. Ukisimama, misuli hiyo imelegea. Ndani ya uume kuna nguzo mbili za nyama yenye vishimo vingi vilivyozungukwa na misuli laini. Misuli ikikaza, damu inayoingia ni ya kutosha tu kuzilisha seli. Ikilegea, ateri hutanuka na vishimo hujaa damu. Nguzo zikishavimba huzibana vena dhidi ya gamba gumu linalozizunguka, na damu hukosa pa kutokea.

Kinacholegeza misuli hiyo ni nitriki oksidi. Mwanaume akipata hamu, iwe kwa kuona, kuguswa au kuwaza tu, taarifa hushuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva za uume. Ncha za neva hizo zina nNOS. Kalsiamu huingia, kimeng'enya huamka, gesi hutoka na kupenya kwenye misuli jirani. Humo hugusa kimeng'enya kingine, guanileti saiklesi, ambacho hutengeneza molekuli iitwayo cGMP. Hiyo cGMP hushusha kalsiamu ndani ya seli ya msuli, na msuli usio na kalsiamu ya kutosha hauwezi kukaza.

Lakini mpigo huo wa kwanza kutoka kwenye neva ni mfupi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionesha kwa majaribio ya panya kwamba kazi inakabidhiwa: damu iliyoanza kumiminika husugua endotheli, eNOS hubandikwa fosfeti, na gesi huendelea kutoka kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, neva huanzisha na mishipa hudumisha. Mwanaume anayelalamika kwamba "inaanza vizuri halafu inakata" mara nyingi anaeleza udhaifu wa hatua hii ya pili, ingawa hofu nayo inaweza kuleta hali hiyohiyo.

Tendo likiisha, kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja cGMP, misuli hukaza tena, na uume hulala. PDE5 ndicho kinacholengwa na vidonge maarufu, tutakavyovifikia mbele.

Mbona kisukari na presha vinaharibu mambo hivi?

Kwa sababu vinaigeuza eNOS dhidi ya mshipa wake. Sukari ikikaa juu kwa miaka, au presha, au mafuta mabaya kwenye damu, au moshi wa sigara, seli za endotheli hutoa kwa wingi chembe chokozi za oksijeni. Chembe hizo hufanya mabaya mawili. La kwanza ni kuungana na nitriki oksidi palepale inapotoka, kabla haijafika kwenye msuli, na kuzaa kemikali kali iitwayo peroksinitriti. La pili ni kuiharibu BH4. Kimeng'enya kilichokosa BH4 hakisimami kazi, na hapo ndipo penye balaa: kinaendelea kuchoma oksijeni, ila badala ya nitriki oksidi kinatoa chembe chokozi nyingine, zinazoharibu BH4 zaidi. Mduara huo ukishafungika, mshipa unazeeka haraka kuliko mwenye mshipa.

Kisukari kina ubaya wa ziada. Mbali na mishipa ya damu, huharibu pia neva, hivyo nNOS nayo inapungua. Mgonjwa anapoteza anayeanzisha na anayedumisha kwa pamoja. Hiyo ni sababu mojawapo ya vidonge kufanya kazi hafifu kwa wenye kisukari cha muda mrefu kuliko kwa wengine.

Kuhusu shisha, swali linalokuja sana kutoka kwa vijana: kupitisha kwenye maji moshi wenye harufu ya tofaa hakuuondolei sumu zake.

Ni kweli kwamba tatizo hili ni dalili ya ugonjwa wa moyo?

Linaweza kuwa, na hili ndilo jibu tungependa lisomwe na kila mtu hata kama ataruka mengine. Ateri zinazolisha uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Zile zinazolisha moyo zina milimita 3 hadi 4. Endotheli ni ileile mwili mzima, na ikiugua inaugua kila mahali, lakini bomba jembamba ndilo linaloonesha mapema. Tafiti nyingi zimeona kwamba upungufu wa nguvu za kiume unaotokana na mishipa hutangulia matatizo ya moyo kwa miaka kadhaa, mara nyingi kati ya miwili na mitano.

Miaka hiyo ni nafasi ya kutibu presha, sukari na lehemu kabla kifua hakijabana. Mtu anayetumia miaka hiyo kununua dawa kwa kujificha anaipoteza.

Wala si tatizo la watu wachache. Utafiti mkubwa uliofanyika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliona kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hilo kwa kiwango fulani, dogo au kubwa.

Nitajuaje kama ni mishipa au ni mawazo tu?

Angalia asubuhi. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara tatu hadi tano kila usiku akiwa kwenye usingizi wa ndoto, bila kujua, na ile ya alfajiri ni ya mwisho kati ya hizo. Kama asubuhi mambo ni sawa lakini mbele ya mwenzi hayaendi, mishipa na neva zinafanya kazi. Tafuta chanzo kwenye hofu, ugomvi wa nyumbani, madeni, pombe au huzuni. Kama hata asubuhi pamekuwa kimya kwa miezi, na hali ilikuja polepole, shuku mishipa. Kilichoanza ghafla, siku moja, mara nyingi ni cha kichwani au cha dawa mpya uliyoanzishiwa.

Kipimo hiki cha nyumbani si kamili. Mishipa na mawazo hupenda kwenda pamoja: aliyeshindwa mara mbili kwa sababu ya mishipa, mara ya tatu anashindwa kwa woga.

Viagra inaongeza nitriki oksidi?

Haiongezi hata chembe. Sildenafili, dawa iliyomo ndani ya Viagra, huzuia PDE5 isiivunje cGMP. Kama neva na mishipa havikutoa nitriki oksidi, hakuna cGMP ya kulinda. Ni sawa na kuziba tundu la ndoo wakati bomba halitoi maji. Ndiyo maana kidonge kikimezwa na mtu asiye na hamu, akaketi kutazama taarifa ya habari, hakuna kitakachotokea isipokuwa pengine kichwa kumuuma.

Dawa hii ilitengenezwa na kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, kwa ajili ya maumivu ya kifua. Kwenye moyo haikufua dafu, lakini wanaume waliojitolea kwa majaribio walieleza jambo jingine. Marekani iliiidhinisha tarehe 27 Machi 1998, mwaka uleule wa Nobel. Sildenafili hupungua nusu kwenye damu kwa takriban saa 4. Tadalafili, ndugu yake, kwa takriban saa 17 na nusu, ndiyo sababu athari yake hufika siku ya pili. Sildenafili ikimezwa baada ya mlo wenye mafuta mengi huchelewa kuingia kwenye damu. Maudhi ya kawaida ni kichwa kuuma, uso kupata joto, pua kuziba, na kwa wengine kuona vitu vikiwa na rangi ya bluu, kwa kuwa sildenafili hugusa kidogo kimeng'enya kinachofanana na PDE5 kilichoko jichoni.

Nani hapaswi kabisa kutumia vidonge hivyo?

Mtu yeyote anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya moyo: ile inayowekwa chini ya ulimi, isosobaidi, au kibandiko cha kifuani. Naitreti humwaga nitriki oksidi, PDE5 imezuiwa, cGMP inarundikana kwenye mishipa ya mwili mzima, na presha inaporomoka kiasi cha kuua. Ukiumwa kifua ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, au saa 48 baada ya tadalafili, mwambie daktari kabla hajakupa chochote. Aibu hapo ina gharama kubwa. Anayetumia riosiguati kwa presha ya mapafu naye asiviguse.

Kuna kundi jingine ambalo halitajwi vya kutosha huku kwetu. Wanaotumia ARV zenye ritonaviri, ambao wengi wao wako kwenye dawa za mstari wa pili (zile za baada ya za kwanza kushindwa), ini lao huondoa sildenafili polepole mno, na kiwango chake kwenye damu huweza kupanda mara 11. Kwao kipimo cha juu ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu yuko upande wa pili: dawa huondolewa haraka, akaona haimsaidii, akaongeza dozi kwa kichwa chake. Zungumza na mfamasia kwanza.

Na vumbi la Kongo (ule unga wa nguvu za kiume), supu ya pweza, karanga mbichi na muhogo?

Tuvitenganishe, maana havifanani.

Karanga zina takriban gramu 3 za arginini kwa kila gramu 100, hivyo wauzaji wa pembeni mwa barabara wana hoja ya kemia kuliko wanavyojua. Lakini arginini kwa kawaida haipungui kwenye mlo wa mtu anayekula maharage, samaki na karanga. Kinachokwama ni kimeng'enya. Kula karanga kwa sababu ni chakula kizuri. Supu ya pweza ni protini safi na chumvi, na kwa watu wengi wa pwani ni raha ya jioni; ushahidi kwamba inasimamisha kitu haupo. Muhogo mbichi, kula ule wa aina tamu tu, kwa kuwa mihogo michungu ina sumu nyingi ya sianidi.

Unga kama vumbi la Kongo, na mizizi, ni habari nyingine. Baadhi ya mimea, kama mukombero unaotafunwa magharibi mwa Kenya, imechunguzwa kwenye maabara kwa wanyama, na huenda siku moja ikatoa kitu cha maana. Tatizo ni kile kinachouzwa kwenye vichupa visivyo na lebo ya kueleweka. Mamlaka za dawa, ikiwemo ile ya Marekani, zimekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili au tadalafili. Ukiona "mti shamba" unafanya kazi ndani ya saa moja, unakuuma kichwa na kukuziba pua, jiulize unakula mti gani. Mzee mwenye dawa ya moyo chini ya ulimi anaweza kufa kwa unga huo huku familia ikisema kafa kwa presha.

Je, vidonge vya arginini vinasaidia?

Kidogo sana, kwa watu wachache. Sehemu kubwa ya arginini inayomezwa huvunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijafika mbali. Sitrulini, inayopatikana kwenye tikiti maji, hukwepa njia hiyo na kugeuzwa arginini kwenye figo, kwa hiyo kinadharia ni bora, ila tikiti la kula mezani halifikii dozi za majaribio.

Walioshawahi kupata mshtuko wa moyo wasitumie. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 liliwapa arginini au kidonge tupu wagonjwa 153 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo. Sita waliopewa arginini walifariki, upande wa pili hakufa hata mmoja, na jaribio likasitishwa.

Mchicha na bitiruti je?

Hapa kuna sayansi nzuri. Mwili una njia ya pili ya kupata nitriki oksidi isiyohitaji vimeng'enya vya NOS. Mboga za majani kama mchicha, na bitiruti, zina naitreti nyingi za asili (si zile dawa za moyo). Naitreti ikishaingia kwenye damu hurudishwa mdomoni kupitia mate, bakteria wa juu ya ulimi huibadilisha kuwa naitriti, tunaimeza tena, na mwilini hugeuka nitriki oksidi. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapa watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti na namba ya juu ya presha ikashuka kwa takriban milimita 10 za zebaki, kwa saa chache. Dawa kali za kusukutua mdomo huua bakteria hao na kuikata njia hii, jambo la kuwaza kwa wanaosukutua kila siku bila kuambiwa na daktari wa meno.

Faida kwa presha ipo. Kwa uume moja kwa moja, haijathibitishwa.

Mazoezi yanafanya nini hasa?

Yanasukuma damu kwa kasi, damu inasugua endotheli, eNOS inawaka. Ukifanya hivyo mara kwa mara, seli hutengeneza eNOS zaidi na chembe chokozi hupungua. Hii ni njia ya kukirekebisha kimeng'enya chenyewe, badala ya kuziba tundu la ndoo tu. Nchini Italia wanaume wanene 110 wenye tatizo hili waligawanywa makundi mawili. 55 walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi kwa miaka miwili. Kati yao 17 walirudi katika hali ya kawaida, dhidi ya 3 wa kundi la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Dakika 40 za kutembea kwa kasi au kukimbia, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, ndicho kipimo ambacho tafiti zilizokusanywa zinakiunga mkono. Ni polepole, ndiyo. Hakuna anayeuza, kwa hiyo hakuna anayetangaza.

Mwanangu ana selimundu na uume wake husimama kwa maumivu usiku. Hii nayo inahusiana?

Inahusiana sana, mama, na usimwonee aibu wala kumgombeza. Chembe nyekundu za selimundu hupasuka ovyo na kumwaga himoglobini kwenye maji ya damu, na himoglobini hiyo hunasa nitriki oksidi. Pia hutoka kimeng'enya kinachokula arginini. Mtu angetegemea uume usisimame kabisa, lakini hutokea kinyume. Gesi ikiwa kidogo siku zote, cGMP huwa kidogo, na misuli ya uume huacha kutengeneza PDE5 ya kutosha. Usiku neva zikitoa gesi, cGMP inayozaliwa haina wa kuivunja. Uume unasimama na haulali.

Kwa mashambulizi mafupi, kunywa maji, kukojoa, kutembea na kuoga maji ya uvuguvugu husaidia baadhi. Usimwekee barafu. Shambulio likipita saa 4, ni dharura: mpeleke hospitali usiku huohuo, kwa sababu damu iliyotuama haina oksijeni na nyama ya ndani huanza kufa. Na hata yale mafupi yakijirudia, mwambieni daktari wa kliniki yake.

Kimeng'enya cha tatu, kile cha kinga, kina kazi gani?

Kwenye uume si mhusika mkuu. Kwenye maambukizi ni mhusika mkubwa: seli za kinga hutoa nitriki oksidi kwa wingi kuua vijidudu, na ikizidi mno, mishipa ya mwili mzima hulegea na presha huanguka, kama inavyotokea kwenye sumu kali ya damu. Utafiti muhimu katika eneo hili ulifanyika Dar es Salaam. Mwaka 1996 ulichapishwa ukionesha kwamba watoto wa Kitanzania wenye malaria kali ya kichwani walikuwa wakitengeneza nitriki oksidi kidogo kuliko wenye malaria nyepesi, kinyume na ilivyodhaniwa. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba arginini kwenye damu ya watoto wa namna hiyo ilikuwa chini.

Wanawake wanahusika?

Ndiyo. Kinembe kina nyama ya aina ileile na hujaa damu kwa njia ileile, ila vidonge vya sildenafili havijaonesha faida ya kuaminika kwa hamu ya wanawake. Mahali eNOS inapowagusa zaidi ni ujauzito: hutanua mishipa ya mji wa mimba, na endotheli ikishindwa kazi hiyo presha hupanda na kuelekea kifafa cha mimba.

Nina hakika dawa za presha ndizo zimeniua nguvu. Niache?

Usiache mwenyewe. Zipo dawa za presha zinazoweza kupunguza nguvu, hasa za kukojoza za kundi la thiazaidi na baadhi ya za zamani za kupunguza mapigo ya moyo. Zipo nyingine zisizo na tatizo hilo, na nebivololi hata huchochea endotheli kutoa nitriki oksidi. Daktari anaweza kubadilisha. Presha iliyoachwa bila dawa inaiharibu eNOS ambayo unataka ipone.

Nikienda kituo cha afya niseme nini, na watanipima nini?

Sema kwa maneno uliyozoea. "Jogoo hapandi mtungi" kila mhudumu anaielewa. Eleza ilianza lini, polepole au ghafla, asubuhi hali ikoje, unatumia dawa gani zikiwemo za kienyeji, na kama ulishafanyiwa upasuaji wa tezi dume, kwani neva zenye nNOS hupita pembeni yake kabisa. Watapima presha, kiuno na uzito, sukari ya asubuhi kabla ya kula au ile ya wastani wa miezi mitatu, na lehemu. Kama hamu yenyewe imepotea wataongeza kipimo cha testosteroni, kinachochukuliwa asubuhi wakati homoni iko juu. Nenda bila kula, na vile vichupa unavyotumia vibebe vyote kwenye mfuko.